Tembe la Kwihara na Wageni Wake

Kusini-magharibi ya mji wa Tabora, mahali paitwapo Kwihara, iko nyumba ya udongo yenye rangi nyekundu iliyokoza, paa bapa na milango ya nakshi. Hujulikana kwa jina la Tembe la Livingstone. David Livingstone hakuijenga wala hakuimiliki. Aliingia humo Februari 1872, akatoka tarehe 25 Agosti mwaka uo huo. Nyumba iliyokuwapo kabla yake imechukua jina la mgeni wa miezi sita, na kwa jina hilo iliinuliwa tena baada ya kuporomoka, ikafanywa makumbusho. Ni haki basi kuuliza: ni nani wengine waliopita mlangoni pale?

Tuanze na nyumba yenyewe. Tembe ni jengo la bara. Kuta zake ni za miti na udongo, vyumba vyake hupangwa kuuzunguka ua, na paa lake ni magogo yaliyolazwa na kufunikwa udongo. Halihitaji chokaa wala matumbawe, ambavyo Unyanyembe havipo. Mwarabu na Mswahili waliopanda kutoka pwani waliacha nyuma mawe ya bahari na boriti za mikoko. Walichobeba ni namna ya kuishi. Wakaweka baraza mbele, pa kupokea wageni. Wakatenga ndani na nje. Na pale tajiri alipotaka utajiri wake ujulikane, akatia mlango wa nakshi katika ukuta wa udongo. Hivyo mwili wa nyumba ni wa Kinyamwezi, na uso wake ni wa pwani. Udongo nao una sharti lake: kila masika hulila paa, na asiyelikarabati mwaka huu, mwakani hana nyumba.

Wageni hao hawakukuta nchi tupu. Unyanyembe ilikuwa na mtemi wake na ikulu yake, neno ambalo Kiswahili kimelitwaa kutoka huko na kulipa heshima ya makao ya rais. Mtemi Fundikira aliwapokea wafanyabiashara, na binti yake, Karunde, aliolewa na Muhammed bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip. Mrithi wa Fundikira, Mnywa Sele, alipotaka bidhaa za Waarabu zilipiwe ushuru, walimpiga vita na kumweka Mkasiwa mahali pake. Basi baraza ilikuwa pahala pa kahawa na mazungumzo, na vilevile pahala pa kuwavisha na kuwavua watu utawala.

Mji wa zama zile haukuwa na ukumbi wa michezo, lakini haukukosa mchezo wala watazamaji. Msafara ulipokaribia, kirangozi alitangulia na vazi lake jekundu na manyoya kichwani. Ngoma zikapigwa, baragumu zikalia, bunduki zikafyatuliwa hewani, na watu waliokonda kwa njaa na homa wakajinyoosha waingie kwa madaha. Richard Burton na John Speke waliwasili hivyo Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani, wakapokewa na Snay bin Amir. Aliyewaongozea msafara, Said bin Salim, baadaye alikuwa liwali wa Waarabu wa Unyanyembe, na makao yake yalikuwa Kwihara. Njia ilikuwa jukwaa, baraza ilikuwa viti vya mbele.

Henry Morton Stanley alifika Kwihara Juni 1871, akaingia vitani pamoja na wenyeji wake dhidi ya Mirambo, mtemi aliyeifunga njia ya Ujiji. Mwezi wa Agosti Waarabu walishindwa; Mirambo akaishambulia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdallah akauawa. Ndipo kuta za tembe zilipotobolewa matundu ya kupenyeza mitutu, na nyumba ya wageni ikawa ngome. Mirambo hakufika kuijaribu. Stanley akazunguka kwa njia ya kusini, akamkuta Livingstone Ujiji, na wote wawili wakarudi Kwihara. Machi 1872 Stanley aliondoka; mzee akabaki akingoja wapagazi kutoka pwani.

Hapo ndipo penye maana kubwa kuliko zote. Mtu ambaye jina lake limeandikwa juu ya nyumba alikaa humo miezi kwa sababu bila wapagazi hakuweza kwenda popote. Alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliukausha mwili wake, wakaubeba. Oktoba walifika tena Unyanyembe, wakamkuta Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wamzike hapohapo. Walikataa. Mwili ukafika Bagamoyo Februari 1874, ukazikwa London tarehe 18 Aprili. Katika waliotoka naye Afrika, Jacob Wainwright peke yake alihudhuria maziko. Susi na Chuma, waliobeba, walifika Uingereza mambo yamekwisha.

Wabebaji hao walau majina yao yamesalia. Maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kiasi cha kilo 30 begani, hawana jina ukutani. Wala hawana wale waliopita wamefungwa, ambao hawakuwa na ujira wala marejeo. Msomaji wa pwani akiuona mlango ule wa nakshi hujihisi yuko kwao, na hana kosa. Lakini mlango huohuo ulifunguliwa kwa pembe za ndovu na kwa watumwa. Fahari ya fundi na aibu ya biashara vimekaa katika ubao mmoja, na hakuna patasi ya kuvitenganisha.

Kiswahili kina ushahidi wake wenyewe. Tippu Tip aliyaandika maisha yake kwa lugha hii, yakachapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20; na Selemani bin Mwenye Chande aliieleza safari yake ya bara katika mkusanyiko wa Carl Velten wa mwaka 1901. Hao ni wenye bidhaa. Sauti ya mwenye mzigo ilikuwa katika nyimbo za njiani, na wimbo usioandikwa hufa na mwimbaji.

Mwaka 2006 Tanzania iliipendekeza njia hii ya kati ya watumwa na pembe, pamoja na Kwihara, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia. Ni hatua njema, kwani njia ina wasafiri wengi na nyumba ina jina moja tu. Jina la Livingstone na libaki, mgeni hafukuzwi. Lakini na wenyeji nao watajwe palepale mlangoni: mafundi walioponda udongo, mtemi aliyetoa ardhi, wapagazi waliotua mizigo uani, na waliotuliwa pamoja na mizigo hali ni watu.