Ramani Huria
Ramani Huria ni mradi wa uchoraji ramani shirikishi ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ukiwakutanisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko. Ulitanguliwa na kazi ya kuchora ramani ya Tandale, Kinondoni, mwaka 2011. Mwanafunzi alipita uchochoroni na simu au kifaa cha GPS akiongozwa na mwenyeji, ambaye ndiye aliyejua mtaro gani umeziba na maji ya mafuriko yalifika usawa wa dirisha lipi. Taarifa ziliingizwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa yeyote. Kwa wanafunzi, kazi hii ilikuwa mafunzo kwa vitendo; watafiti walipata data ambazo picha za angani pekee hazitoi. Udhaifu wa ramani hizi ni mkubwa: mitaa hujengwa kila siku, na ramani isiyohuishwa hupitwa na wakati upesi.