Malale ya Mwambao wa Ziwa na Mafunzo ya Matabibu wa Uganda

Katika mwaka 1901 matabibu wawili ndugu wa hospitali ya misheni ya Mengo, Albert Cook na Jack Cook, walianza kupokea wagonjwa wa maradhi ambayo hawakuwa wamepata kuyaona Buganda, maradhi yaanzayo kwa homa za kurudiarudia na kuvimba tezi za shingo, kisha akili ikapumbaa, na mgonjwa akasinzia mchana kutwa hali chakula ki mkononi, akadhoofika hata akafariki. Waganda waliyaita mongota, nasi twayajua kwa jina la malale. Na kabla miaka kumi haijatimia yalikuwa yamewafisha watu wanaokisiwa kupita 200,000 katika Busoga na mwambao wa Ziwa Viktoria pamoja na visiwa vyake.

Mwaka 1902 Waingereza walituma tume ya wataalamu Entebbe, na mmoja wao, kijana Mtaliano Aldo Castellani, akaona ndani ya maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa vijidudu vyembamba viitwavyo tripanosoma, asivipe uzito, kwa kuwa rai yake ilikwisha elekea kwamba asili ya maradhi ni bakteria. Alipowasili David Bruce mwaka 1903, ambaye zamani katika nchi ya Wazulu alikwisha thibitisha kwamba vijidudu vya jinsi hiyo huwaua ng'ombe na kwamba huchukuliwa na mbung'o, alifahamu mara moja uzito wa habari ile.

Ikabaki kujua kama mbung'o wapo katika nchi, na wapi, na hapo ndipo penye fahari kubwa ya kisa hiki, ijapokuwa wasimulizi wengi hupita upesi. Waganda walipoonyeshwa inzi huyo walisema wamjua tangu zamani, ndiye kivu. Na Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Apolo Kagwa, aliyekuwa na amri juu ya machifu wa Buganda na akili ya kuitumia, akawaagiza wakusanye inzi kila mahali, na kila fungu liandikwe jina la pale lilipotoka, kazi iliyosaidiwa na wamisionari pia. Inzi wakamiminika Entebbe. Ramani ya mbung'o ilipowekwa kando ya ramani ya wagonjwa, zikaafikiana: kandokando ya maji, penye vichaka na vivuli, ndipo walipo inzi na ndipo ulipo msiba. Darubini peke yake isingaliweza kuleta ithibati hiyo. Ililetwa na raia walioambiwa kwa lugha yao ni nini kinachotafutwa, na kwa nini.

Yaliyofuata yalikuwa mazito. Robert Koch aliwatibu wagonjwa visiwani Sese kwa dawa ya atoksili, na baadhi yao wakapofuka. Na tangu mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell aliwahamisha watu wa ukingoni mwa ziwa, na visiwa vikafuata. Wengi waliokoka, lakini wavuvi walitengwa na maji yaliyowalisha babu zao, na sioni haki kuisifu amri hiyo bila kulitaja deni lake.

Mafunzo ya utabibu yalipoanzishwa Makerere mwaka 1924, wanafunzi wakijifunza kazi katika hospitali ya Mulago, jitihada iliegemea zaidi kitandani pa mgonjwa, yaani kwa mtu aliyekwisha patwa. Ilipita zaidi ya nusu karne tangu Kagwa atoe amri yake hata Makerere ilipokuwa na kituo chake cha afya huko Kasangati, katika njia ya Gayaza, mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako mwanafunzi wa utabibu alitumwa nyumbani kwa watu kuangalia chanzo cha maji, choo, mahali mbu wanapozaliana na chakula cha watoto, na kuzungumza na wenye mji kabla maradhi hayajabisha hodi. Kituo kilikuwa kipya, lakini kazi yenyewe ya kutafuta chanzo cha maradhi pale waishipo watu machifu wa Buganda walikwisha ifanya mwaka 1903, bila shahada wala mshahara wa daktari.