Cheche ya Kengele

Kabla umeme haujafika migodini, moto ulioogopwa chini ya ardhi ulikuwa wa taa. Makaa ya mawe hutoa gesi ya methani, na hewa iliyochanganyika na methani ya asilimia 5 hadi 15 hulipuka ikikutana na mwali. Mwaka 1812 mlipuko katika mgodi wa Felling, kaskazini mwa Uingereza, uliua watu 92. Miaka 3 baadaye mwanakemia Humphry Davy alitengeneza taa iliyozungushiwa wavu wa waya. Gesi iliweza kuwaka ndani ya wavu, lakini moto haukutoka nje, kwa kuwa waya zilinyonya joto la mwali kabla haujapenya matundu.

Umeme ulipoingia, mwishoni mwa karne ya 19, ulionekana mkombozi: taa isiyo na utambi, mashine isiyo na tanuri. Kumbe nao ulikuja na moto wake. Kila swichi inapozimwa au waya unapoachana na mwenzake, cheche huruka kwenye mwanya. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Beyling alilifanyia tatizo hilo majaribio huko Gelsenkirchen, na jibu lake lilikuwa la kijasiri. Hakujaribu kuizuia gesi isiingie kwenye kasha la mota, maana mota ikipata joto na kupoa huvuta hewa kama pafu, na hakuna kasha linaloziba daima. Aliacha gesi iingie na ilipuke humo humo, ila kuta ziwe imara, na ukingo wa kifuniko uwe mpana wenye mwanya mwembamba. Kwa methani, mwanya usiozidi milimita 1 kwenye ukingo wa milimita 25 hupoza moto kabla haujatoka. Ni wavu wa Davy uliogeuzwa kuwa chuma kinene.

Kasha hilo halikuweza kulinda waya zilizonyooshwa wazi kwenye njia za mgodi. Mabehewa ya makaa yalivutwa kwa kamba ya chuma, na mfanyakazi aliyetaka kumwashiria mwendesha mashine asimame au aondoke aligusanisha waya mbili zisizo na ganda, kwa mkono au kwa kipande cha chuma. Kengele ikalia mbali huko mwisho wa njia. Umeme wake ulitoka kwenye betri ndogo ambazo haziwezi hata kumshtua mtu. Ndiyo maana wengi hawakuziogopa.

Tarehe 14 Oktoba 1913, asubuhi, mgodi wa Universal katika kijiji cha Senghenydd, Wales, ulilipuka. Wachimbaji 439 walikufa, pamoja na mwokoaji 1. Mgodi huo huo ulikuwa umeua watu 81 mwaka 1901. Uchunguzi ulioongozwa na Richard Redmayne, mkaguzi mkuu wa migodi, haukupata hakika ya chanzo, lakini cheche za vifaa vya kengele zilikuwa miongoni mwa vilivyoshukiwa zaidi. Meneja alitozwa faini ya pauni 24. Ukizigawa kwa idadi ya wachimbaji waliokufa, kila mmoja anapata shilingi moja ya Kiingereza na peni moja hivi.

Kilichofuata ndicho kilichobadili mambo. Mkemia R. V. Wheeler na W. M. Thornton, profesa wa umeme huko Newcastle, walipima cheche za kengele hizo ndani ya gesi, wakaona kwamba kuhesabu nguvu ya betri peke yake kulikuwa kosa. Kengele ina koili ya waya iliyozungushwa kwenye chuma, nayo huweka akiba ya usumaku umeme unapopita. Waya zikiachana, akiba hiyo yote humwagika mara moja kwenye mwanya. Betri hiyo hiyo bila koili hutoa cheche dhaifu. Ikiwa na koili, huwasha gesi.

Walionyesha pia kwamba cheche ina kiwango ambacho chini yake haiwashi kitu. Cheche hupasha joto kitone kidogo cha gesi, na kisipopata joto la kutosha kuwasha jirani yake, hufa palepale. Kwa methani kiwango hicho ni takriban milijuli 0.28, sawa na nishati ya kuinua gramu 28 kwa milimita 1. Basi kifaa kinaweza kusanifiwa kisifikie kiwango hicho hata kikiharibika, kwa mfano kwa kuipatia akiba ya koili njia nyingine ya kupita. Hapo ulizaliwa usalama usiotegemea kasha: kuunyima umeme nguvu ya kuwasha.

Njia hizo mbili zilihamia kwenye mafuta. Petroli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi ya takriban nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati mafuta ya taa husubiri nyuzi 38 au zaidi. Kwa hiyo chombo cha petroli katika jua la Dodoma hakina saa ya usalama. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa na kujaa mitaroni. Katika pampu ya kituo cha mafuta, mota hukaa kwenye kasha la aina ya Beyling, na vihisio vya kuhesabu lita hupewa umeme mdogo kwa kanuni iliyotokana na kengele.

Simu ya mkononi, inayokatazwa kwa mabango mengi, imepata sifa mbaya kuliko ushahidi. Taasisi ya vifaa vya petroli ya Marekani ilipokusanya habari za mioto vituoni, ilikuta umeme tuli: mtu arudi kuketi garini, ajisugue kwenye kiti, kisha aguse mdomo wa bomba. Kwa sababu ya umeme huo tuli, dumu la plastiki hujazwa likiwa chini sakafuni, si juu ya gari. Lori la mafuta nalo hufungwa waya wa ethi, unaopeleka umeme ardhini, kabla bomba halijaunganishwa.

Vifaa hivyo vyote vinadhania kwamba mafuta yako mahali pake. Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, lori lilipinduka na watu wakakusanyika kuchota petroli iliyomwagika. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba moto, uliokuja kuua watu zaidi ya 100, ulianza mtu alipojaribu kung'oa betri ya lori: waya mbili zikiachana katikati ya mvuke.