Gemu jipya la mtandaoni: tuwahi au tungoje?

Juzi jioni nimetoka ofisini nimechoka, simu ikaita. Mdogo wangu, kutoka nyumbani Machochwe. Akauliza hali, akauliza kazi, akauliza kama Dar mvua inanyesha. Nikajua kuna jambo.

"Kaka, Ijumaa kuna gemu jipya linatoka. Nitumie hela ya bando nilishushe siku hiyo hiyo."

Kwa msioijua, Machochwe iko wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, si mbali na mpaka wa hifadhi. Simu anayochezea mdogo wangu aliinunua kwa mahindi yake mwenyewe, na mahindi hayo aliyalinda usiku na tochi ili tembo wasiyamalize. Kwa hiyo bando kwake si jambo la mzaha.

Nikamwambia asubiri mwezi mmoja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kaka, wenzangu wote wanaingia Ijumaa. Mimi nikiingia baada ya mwezi, nitacheza na nani?"

Sikuwa na jibu. Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Wazee hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Basi nikaona nirudi kwenye historia, labda yenyewe ina la kusema.

Tuanze na mwaka 1997. Septemba ya mwaka ule kampuni ya Origin Systems ya Marekani ilizindua Ultima Online, moja ya magemu ya kwanza kukusanya maelfu ya watu katika dunia moja ya mtandaoni. Walikuja wengi kuliko walivyotarajiwa. Seva zikazidiwa, watu wakawa wanaganda katikati ya vita, na mwaka 1998 baadhi ya wachezaji wakaenda mahakamani kudai kwamba huduma waliyoilipia hawakuipata.

Lakini gemu hilo hilo lina kisa kingine. Agosti 1997, kwenye majaribio kabla ya uzinduzi, Richard Garriott aliyeliasisi alikuwa akitembea ndani yake kama mfalme, Lord British, mhusika ambaye hakupaswa kufa. Seva ilikuwa imeanguka, na iliporudi kinga yake haikuwa imewashwa. Mchezaji mmoja aliyejiita Rainz akamrushia moto, na mfalme akafa mbele ya watu wake. Kisa hicho kinasimuliwa mpaka leo. Waliokiona ni wale waliokuwa tayari kuvumilia kitu ambacho hakijaiva.

Novemba 2004 ikawa zamu ya World of Warcraft. Mambo yakawa yale yale: seva zimejaa, foleni ndefu, na kampuni ya Blizzard ikalazimika kuwafidia wachezaji kwa siku za bure. Hata hivyo gemu likakua na kuvuka wachezaji milioni kumi waliokuwa wakilipia. Kumbe uzinduzi mbaya hauui gemu zuri.

Je, ukiwa mbaya kupindukia? Septemba 2010 Square Enix ya Japani ilitoa Final Fantasy XIV. Lilikuwa zito na la kuchosha, likasemwa vibaya kila kona. Desemba mwaka ule ule mkuu wa kampuni akaomba radhi, ada ya mwezi ikasimamishwa, na kazi ikakabidhiwa kwa Naoki Yoshida. Yeye hakuweka viraka tu. Novemba 2012 seva zilizimwa, na ndani ya hadithi ya gemu dunia ile ikateketezwa. Agosti 2013 likarudi likiwa jipya, na leo linahesabika miongoni mwa makubwa ya aina yake. Aliyengoja miaka mitatu alipata kitu bora zaidi. Aliyebaki na lile bovu, akakubali kulilipia walipoanza tena kutoza, alipewa punguzo la kudumu la ada. Kila mmoja alivuna chake.

Sasa geuza upande wa pili. Agosti 23, 2024 Sony ilizindua Concord kwa dola 40. Wachezaji hawakutokea. Septemba 6 gemu likazimwa, na fedha za waliolinunua zikarudishwa. Wiki mbili tu! Mdogo wangu angefuata ushauri wangu wa kungoja mwezi, angekuta mlango umefungwa.

Ila hapo ndipo nilipokwama kama mtu wa Mara. Sony ilirudisha fedha za gemu. Bando hakuna anayerudisha. Nilipokuwa chuoni nilikesha nikishusha gemu moja, jina silitaji, eti ni la bure. Lilimeza bando langu lote la mwezi. Asubuhi nikaambiwa seva zimejaa. Siku ya tatu likataka kusasishwa, na sasisho lenyewe lilikaribia ukubwa wa gemu lote. Wiki ile nilikula maharage matupu. Kwa kijana wa Ulaya mwenye intaneti isiyopimwa, gemu bovu siku ya kwanza ni kero. Kwa kijana wa Machochwe ni debe la mahindi.

Tena sisi tulichelewa kuingia katika mchezo wenyewe. Hadi Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi hapa pwani yetu, intaneti yetu na nchi za mbali ilipita zaidi kwenye setilaiti, kilomita karibu 36,000 juu. Kwenda na kurudi ni kama nusu sekunde au zaidi. Kwa barua pepe si kitu. Kwa gemu la kupigana, unapobonyeza wewe ulishakufa zamani.

Na sera zetu nazo zina somo. Mwaka 1965, miaka minne baada ya uhuru, Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza ya serikali. Tuliwahi kweli kweli. Lakini mfumo wa hesabu ukaja kuvurugika, tukaumia, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni vivyo hivyo: Zanzibar walianza mwaka 1973, tena ya rangi, sisi wa Bara tukangoja mpaka 1994. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, sawa. Lakini kushtuka miaka ishirini nako ni hasara, na hasara hiyo haina risiti.

Kilichonibadilisha mawazo ni Agosti 2019. Blizzard ilizindua World of Warcraft Classic, yaani gemu lile la zamani karibu kama lilivyokuwa. Lingeweza kuchezwa kwa utulivu wiki kadhaa baadaye. Badala yake watu wazima wenye kazi na watoto walijipanga foleni ya saa nyingi siku ya kwanza, kwa gemu walilolijua kila kona. Walikuwa wanaufuata umati: siku ambayo wote ni wageni, hakuna anayejua njia, na asiye na kitu anaweza kumsaidia asiye na kitu. Seva hutengenezwa. Siku hiyo haitengenezwi tena.

Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa na hoja, na mimi nilikuwa na hoja. Gemu la kulipia kabla, ngoja. Ukiwa peke yako, ngoja pia, hutapoteza kitu. Lakini la bure, na wenzako wanaingia, ingia nao, ila usinunue chochote humo ndani mwezi wa kwanza.

Nikampigia. Nikamwambia wachange watano, mmoja alishushe, wengine warushiane kwa simu bila kutumia bando. Nikamtumia fungu langu.

"Asante, kaka. Ila Ijumaa usiku ni zamu yangu shambani."

"Sasa?"

"Nitaingia na tochi mkononi."