Pengo la bima ya kusimama kwa biashara

Pengo la bima ya kusimama kwa biashara ni ile hasara ambayo mfanyabiashara aliyelipa ada zake zote hujikuta akiibeba mwenyewe baada ya maafa makubwa. Bima hiyo, ambayo kwa kawaida hukatwa sambamba na bima ya moto, hufidia faida iliyopotea shughuli zinaposimama, mara nyingi ilimradi chanzo kiwe uharibifu wa mali, na masharti yake yaliandikwa kwa kufikiria ajali ya jengo moja kuliko msiba wa mji mzima.

Hoteli ya New Orleans

Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwezi Agosti 2005, hoteli ya Windsor Court iliharibika na wakazi wa mji wakaamriwa kuhama. Wamiliki wake, Orient-Express Hotels, walipodai fidia, kampuni ya bima ya Generali ilitegemea kipengele cha mwenendo wa biashara, yaani sharti linaloagiza hasara ipimwe kwa mapato ambayo yangepatikana kama uharibifu usingetokea, ikadai kwamba hata hoteli ingebaki nzima, wageni wasingefika katika mji uliohamwa. Waamuzi wa usuluhishi waliikubali hoja hiyo, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Uingereza ikaiunga mkono, hata ikawa kadiri maafa yanavyoenea ndivyo fidia inavyopungua.

Uamuzi wa 2021

Hoja hiyohiyo ilirudi wakati wa UVIKO-19, biashara zilipofungwa kwa amri ya serikali bila ukuta wowote kubomoka. Mamlaka ya usimamizi wa huduma za fedha ya Uingereza ilifungua kesi ya mfano kwa manufaa ya wenye hati za bima zilizofidia pia ugonjwa au amri ya serikali bila uharibifu wa mali, na tarehe 15 Januari 2021 Mahakama ya Juu iliwapa ushindi mkubwa: kila mgonjwa aliyekuwa ndani ya eneo lililotajwa katika hati, kwa mfano maili 25 kutoka kwenye biashara, alihesabiwa kuwa kisababishi cha amri ya kufunga. Uamuzi wa 2010 ulitenguliwa na, kwa uungwana usio wa kawaida mahakamani, walioandika hukumu ya 2021 walikuwa Lord Hamblen, jaji wa kesi ya hoteli, na Lord Leggatt, aliyekuwa mmoja wa waamuzi wake wa usuluhishi. Hati zinazofidia uharibifu wa mali pekee hazikuhusika.

Kwingineko

Nchini Marekani mahakama nyingi zilikataa madai ya UVIKO-19. Kwa aina nyingine ya maafa, yaani ugaidi, Uingereza ina Pool Re, mfuko wa bima mtawanyo (bima ya kampuni za bima) ulioundwa mwaka 1993 kwa dhamana ya serikali. Katika Afrika Mashariki bima hii hukatwa zaidi na makampuni makubwa.