Wana wa Is-haka wa Isiolo

Isiolo ilipokuwa ingali mji mchanga, ofisi chache za serikali na karantini ya mifugo kando ya mto, Waisaaq, ukoo wa Wasomali, walikwisha kujenga hapo. Leo wajukuu na vitukuu vyao wametapakaa mjini, wamechanganyika na Waborana, Waturkana, Wameru, Wasamburu na Wasomali wa koo nyingine, kuanzia Bula Pesa hadi Kiwanjani, mtaa unaopakana na uwanja wa ndege. Ukimwuliza mzee wao asili yake hataanza na Isiolo, wala hataanza na Somalia. Ataanza na mtu mmoja, Sheikh Is-haka bin Ahmed, kisha atashuka jina kwa jina mpaka ajifikie mwenyewe. Vyama vyao vya zamani nchini Kenya vilijiita Isahakia, na hata sasa wapo wanaojitambulisha hivyo.

Jina hili ni la Nabii Is-haka mwana wa Ibrahimu. Ni jina hilo hilo ambalo Wayahudi wa Ulaya walilifanya la ukoo: Isaac, Isaacs, Isaacson, Itzkowitz. Sidai kwamba nyumba hizi mbili ni damu moja. Nazitaja pamoja kwa sababu majina yao yamesafiri baharini katika karne moja, chini ya bendera moja ya Uingereza, na kila yalipotua palikuwa na karani anayetaka kujua aliyebeba jina hilo aandikwe katika safu gani. Nadhani habari ya Waisaaq wa Isiolo haieleweki bila karani huyo.

Wenyewe husimulia kwamba Sheikh Is-haka alikuwa sharifu wa Bani Hashim, akavuka kutoka Arabuni akashukia pwani ya Wasomali, akaoa, akafa, akazikwa Maydh, kijiji cha pwani mashariki ya Berbera. Kaburi lake liko huko na huzuriwa hadi leo. Wanahistoria wamebishana sana kuhusu nasaba hiyo na zama zake, na kila upande una hoja. Kwangu lenye uzito zaidi ni kwamba nasaba yenyewe imehifadhiwa vichwani. Mtoto wa Kisomali hufundishwa kuhesabu babu zake, hesabu waiitayo abtirsi, kabla hajajua kusoma, na akikutana na mgeni wa ukoo wake kila mmoja hupanda ngazi ya majina mpaka wafikie babu wanayeshirikiana. Milango mikubwa ya Isaaq nayo imebeba kumbukumbu ya wanawake. Habar Awal, Habar Yunis na Habar Je'lo yote yanaanza na neno la kumtaja mama mtu mzima, na wazee huigawa milango hiyo kwa wake wawili wa Sheikh, mmoja wa Kisomali wa ukoo wa Dir, mwingine wa Kihabeshi. Basi hata nasaba inayosifika kwa baba ina akina mama katika msingi wake. Nitalirudia hili.

Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki nao walikuwa na desturi kama hiyo: fulani mwana wa fulani, na wengi wao hawakuwa na jina la ukoo la kudumu. Mambo yakageuzwa na dola. Mwaka 1787 Mfalme Joseph wa Pili wa Austria aliamuru kila Myahudi katika himaya yake awe na jina la ukoo lisilobadilika, na mwaka 1808 Napoleon akatoa amri kama hiyo Ufaransa. Serikali zilitaka kutoza kodi na kuandikisha askari, na daftari halisomeki ikiwa mtoto hana jina moja na baba yake. Baadhi ya familia zilichukua jina la babu, na babu aliyeitwa Isaac akawa jina la kizazi chote. Uingereza, ambako Wayahudi waliruhusiwa tena kuishi kuanzia 1656, lilizoeleka kuwa Isaacs.

Kutoka London jina hilo lilikwenda mbali. Barnet Isaacs, mtoto wa mtaa wa maskini wa Whitechapel, alifika Kimberley, Afrika Kusini, mwaka 1873 akatajirika kwa almasi kwa jina la Barney Barnato. Jorge Isaacs, ambaye baba yake alikuwa Myahudi Mwingereza aliyetoka Jamaica, alichapisha riwaya yake María mwaka 1867 huko Kolombia, na hadi leo husomwa shuleni Amerika ya Kusini. Isaac Isaacs, mzaliwa wa Melbourne, akawa Gavana Mkuu wa Australia kuanzia 1931 hadi 1936, mzalendo wa kwanza kushika kiti hicho. Jamaica jina lilikaa hata kwa watu weusi wasio na uhusiano wowote na sinagogi, na wapenzi wa rege wa hapa kwetu wanamjua Gregory Isaacs. Naye Rufus Isaacs, mwana wa mfanyabiashara wa matunda wa London, alikuwa mwakilishi wa mfalme nchini India tangu 1921 hadi 1926.

Hapo ndipo majina mawili yalipokaribiana. Miaka hiyo bandari ya Aden ilikuwa chini ya serikali ya India, kwa hiyo Bwana Isaacs alitawala, kwa mbali, lango ambalo wana wa Is-haka walipitia kwenda duniani. Waingereza waliiteka Aden mwaka 1839, nayo haikuwa na malisho. Nyama yake ilitoka ng'ambo, Berbera, kwenye mbuzi na kondoo wa Waisaaq. Mwaka 1884 Waingereza walianza kutia mikataba na milango ya Isaaq, mmoja baada ya mwingine, ili nyama hiyo isiingie mikononi mwa dola nyingine ya Ulaya. Mikataba hiyo ndiyo iliyowafanya Waisaaq wajione washirika wa Uingereza kwa makubaliano, na si watu walioshindwa vitani. Waliishikilia dhana hiyo kwa miaka sitini, nao walikuwa na haki ya kuishikilia.

Kutoka Aden na Berbera zilitoka njia mbili. Ya kwanza ni ya meli. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli za makaa zilihitaji watu wa kuchochea moto chini ya sitaha, na mabaharia wa Kisomali wakafika Cardiff, South Shields, Liverpool na London. Ya pili ni ya nchi kavu kuelekea kusini. Lord Delamere, mlowezi Mwingereza, alipokuja Kenya mara ya kwanza hakupitia Mombasa. Aliondoka Berbera mwishoni mwa 1896 na msafara wa ngamia na wafuasi wa Kisomali, akapitia Marsabit hadi nyanda za juu. Baada yake walikuja wasimamizi wa misafara, wawindaji, madalali wa ng'ombe na askari. Farah Aden, aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya mwandishi Karen Blixen chini ya milima ya Ngong, alikuwa wa mlango wa Habar Yunis.

Madalali ndio waliojenga utajiri. Walinunua ng'ombe wa Kiborana kaskazini na mpakani mwa Uhabeshi, wakawaswaga kusini, wakawauzia walowezi. Damu ya ng'ombe wa walowezi wa Laikipia ilitokana kwa sehemu kubwa na mifugo hiyo. Lakini walowezi hao hao waliogopa maradhi ya mifugo na hawakupenda ushindani, kwa hiyo serikali ikaweka karantini na kuwabana wafugaji wa Kisomali wasibaki nyanda za juu. Isiolo ilikuwa jawabu lake. Miaka ya 1920 Waisaaq, na Waharti, Wasomali wa ukoo mwingine, pamoja nao, wengi wao wakiwa wamelitumikia jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza, walipewa ardhi ya kulishia hapo, mahali ambapo mto hautoki mbali na Mlima Kenya na njia ya kaskazini inaanzia. Baadaye Isiolo ikawa makao makuu ya wilaya za mpaka wa kaskazini, eneo ambalo mtu hakuingia wala kutoka bila kibali.

Katika mafaili ya serikali waliitwa Wasomali wageni, kuwatofautisha na Wasomali wa Wajir na Garissa. Jina hilo liliandikwa na afisa, halikutokana nao, na limewaandama kuliko yote. Mwaka 1919 ilipitishwa sheria iliyowaruhusu baadhi ya Wasomali kuondolewa katika kundi la wenyeji kwa mambo fulani ya kisheria. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, makundi ya watu weupe huko Cardiff yalivamia nyumba walimolala mabaharia weusi, wakiwemo Wasomali. Nairobi walihesabiwa wamezidi wenyeji kidogo. Cardiff walihesabiwa wamezidi katika nchi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila Mkenya aliyesoma historia angepaswa kulijua. Mwaka 1936 serikali ya koloni ilitunga sheria mpya ya kodi ya kichwa kwa wasio wenyeji, ikawapanga watu kwa daraja. Waasia walitakiwa kulipa shilingi 30, na kundi la wengine, Wasomali wakiwemo, shilingi 20. Waisaaq wakakataa shilingi 20. Walitaka kulipa 30. Waliandika maombi kwa gavana na kwa Wizara ya Makoloni London kwa jina la jumuiya ya masharifu wa Is-haka, wakitoa hoja kwamba babu yao alitoka Arabuni na Arabuni ni Asia. Mvutano uliendelea hadi mwaka 1941.

Watu waliogoma kutozwa kidogo! Lakini shilingi kumi zilinunua kitu. Daraja la Mwasia lilikuwa na haki ambazo mwenyeji alinyimwa, na katika koloni lililopangwa kwa rangi haki ya mtu ilikuwa ni lile daraja aliloandikiwa. Ndiyo maana nasema mambo yalikwenda kinyume. Wayahudi walilazimishwa na dola wawe na jina la ukoo. Waisaaq walikuwa nalo tangu kale, wakaisihi dola ilisome vile walivyolisoma wao. Dola ilikataa. Na hapa sitawatetea wazee wale kwa yote. Walipopigania kuwa Waasia walijitenga kwa maandishi na Waborana waliokunywa nao maji ya mto mmoja, na maandishi hayo hayakufutika bendera ya Kenya ilipopandishwa.

Uhuru ulipokaribia, Isiolo iliingia damuni. Tarehe 28 Juni 1963 mkuu wa wilaya, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuishika Isiolo, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido katika njia ya Modogashe. Vita vya shifta, vya wapiganaji waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, vikafuata, mifugo ikaangamia, watu wakafungiwa katika vijiji vya ulinzi. Makubaliano ya kuvimaliza yalifikiwa Arusha tarehe 28 Oktoba 1967, Rais Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi kati ya Mzee Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia, Mohamed Ibrahim Egal. Egal alikuwa Mwisaaq wa Habar Awal.

Novemba 1989 serikali iliwaamuru Wasomali wote wa Kenya wapite mbele ya kamati na kujiandikisha upya, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi. Kamati ziliuliza ukoo na mlango. Hesabu ya mababu ambayo mtoto alifundishwa kwa fahari ikawa ushahidi unaoweza kumtoa mtu katika nchi aliyozaliwa yeye na baba yake. Sijui dhuluma ya karatasi iliyo nzito kuliko hiyo.

Mwaka mmoja kabla, huko walikotoka, ndege za kivita za Siad Barre, mtawala wa Somalia, zilikuwa zikiruka kutoka uwanja wa Hargeisa na kuupiga mji huo huo wa Hargeisa. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Waisaaq, waliuawa, na mamia ya maelfu wakakimbilia Uhabeshi katika kambi ya Hartisheik na nyinginezo. Kutoka huko walikwenda London, Cardiff, Sheffield, Toronto, Uswidi. Ila jina la Isaaq halimo katika pasipoti zao. Msomali huandika lake, la baba na la babu, na afisa wa uhamiaji hulichukua la mwisho kuwa la familia. Mtu na mtoto wa ndugu yake wanaweza kuishia na majina mawili ya ukoo katika miji miwili, na watoto wao wasijuane kwa karatasi. Hujuana kwa simu, kwa hawala, na kwa kupandishiana majina.

Huku Kiwanjani jambo linalowashughulisha watu wengi ni ardhi. Uwanja wa ndege ulipopanuliwa, familia za mitaa ya jirani zilihamishwa, na mwenye kuahidiwa kiwanja alitakiwa kuthibitisha yeye ni nani na alikaa hapo tangu lini. Mji wenyewe unalishwa na wanawake kwa sehemu kubwa. Maziwa ya ngamia yanayonywewa Eastleigh, Nairobi, hukusanywa Isiolo na akina mama wafanyabiashara, Wasomali wengi miongoni mwao, wakiwemo wa ushirika wa Anolei, na kusafirishwa kwa mabasi kila siku.

Sasa nirudi kwa akina mama. Waisaaq walioletwa Isiolo walikuwa wanaume kwa wingi, askari na madalali, na wengine wao walioa wake wa Kiborana na wa jamii nyingine za hapa. Vijana wa ukoo wanaoandika nasaba zao leo huandika mstari wa baba, na mstari huo unakwenda moja kwa moja Berbera na Maydh kana kwamba Isiolo ilikuwa kituo cha gari. Waandike na mabibi: jina lake, baba yake, kisima chao, mwaka aliozaa. Wanaoyakumbuka majina hayo wamezeeka sana, na ni vizuri kuwauliza kwa Kiborana kama ilivyo kwa Kisomali. Nasaba iliyoandikwa hivyo itakuwa na watu wa mto Ewaso Nyiro ndani yake kwa vizazi vinne, na ofisi yoyote ya ardhi au ya kitambulisho itakayouliza familia hiyo ni ya wapi itasomewa ukurasa huo.