Miguu ya Belgrade: Nani Hulipia Kusimama?

Kila ninapofundisha historia ya teknolojia huwauliza wanafunzi wangu: mashine ya kuvaliwa miguuni, ya kumsimamisha na kumtembeza mtu aliyepooza kuanzia kiunoni, ilianzia wapi? Hutaja Marekani, hutaja Japani. Hakuna aliyewahi kunitajia Belgrade.

Yugoslavia, ambayo vizazi vilivyotutangulia viliijua kama mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa nchi zisizofungamana na upande wowote, mwaka 1961, ilikuwa na Taasisi ya Mihajlo Pupin. Humo, mwishoni mwa miaka ya 1960, Miomir Vukobratović na wenzake walijiuliza swali lionekanalo jepesi: kwa nini anayetembea haanguki? Walieleza kuwa ipo nukta ardhini ambapo nguvu zote zinazotaka kumpindua husawazishana. Maadamu nukta hiyo imo ndani ya eneo la wayo, mtu atabaki wima. Kufikia mwaka 1972 walikuwa na kiunzi kamili cha kuvaa, kilichoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa huku hatua zake zikipangwa kielektroniki, nacho kikajaribiwa kwa wagonjwa waliopooza katika kliniki ya mifupa ya mji huo. Kiunzi kimoja kilipelekwa Moscow, ambako hatimaye kiliishia makumbusho. Nadharia ile ilienda mbali zaidi: roboti zinazotembea kwa miguu miwili, za Honda miongoni mwao, ziliitegemea.

Katika miaka hiyohiyo kampuni ya General Electric ya Marekani, kwa fedha za jeshi, ilikuwa ikiunda Hardiman, dude la kilo 680 lililokusudiwa kumwezesha mtu kuinua mzigo mzito kama lenyewe. Halikuwahi kutembea na mtu ndani yake; kilichofanya kazi ni mkono mmoja. Hata hivyo, ndilo linalotajwa mara kwa mara katika simulizi za teknolojia hii. Mwaka 2007 Vukobratović alilazimika kuandika makala kuuliza viunzi hivi vilizaliwa lini hasa. Namwelewa.

Wimbi la sasa lina jina la Amit Goffer, mhandisi wa Israeli aliyepooza kwa ajali mwaka 1997, akaanzisha kampuni iliyotengeneza ReWalk: mota kwenye nyonga na magoti, betri, na kihisi kinachotambua mwili unapoegemea mbele ili mguu upige hatua. Mwaka 2012 Claire Lomas, Mwingereza, alikamilisha nayo Marathoni ya London kwa zaidi ya wiki mbili. Waandaaji hawakumpa medali kwa kuwa hakumaliza siku ileile. Wakimbiaji wengine wakampa za kwao.

Lakini kutembea si kulipiwa. Marekani iliruhusu ReWalk itumike nyumbani mwaka 2014. Mwaka uliofuata idara ya maveterani ikakubali kuwagharimia wanajeshi wa zamani waliokidhi masharti. Jeshi tena, tangulia mbele. Medicare, bima ya umma ya wazee na watu wenye ulemavu, ilingoja hadi 2024, ilipopanga malipo ya takribani dola 91,000 kwa kila kifaa. Mashine haikuwa imegeuka kuwa kitu kingine. Kilichobadilika ni fungu la kanuni: iliwekwa rasmi miongoni mwa vyuma vya kutegemeza viungo. Watumishi wa umma wanaonisoma wanajua uzito wa sentensi moja ya namna hiyo.

Wako wanaharakati wanaosema fedha hizo zingejenga njia za mteremko na kununua viti mwendo, na hoja yao ina nguvu, kwa sababu kiunzi ni cha polepole na hakijamwondolea mtu haja ya kiti. Ila sikubali kwamba mwenye ulemavu ndiye achague kati ya mlango na miguu, ilhali bajeti ya kubuni mashine za kivita haiulizwi hivyo.

Goffer mwenyewe hakuweza kutumia ReWalk. Mvaaji hushika magongo, na mikono yake ilikuwa imepooza pia. Baadaye alibuni kiti mwendo cha umeme kinachomsimamisha aliyekikalia, nacho ndicho kilichomsimamisha yeye.